Somo la mapumziko ya shule: kupiga picha mto, maporomoko na msitu mkienda kupiga kambi



Katika somo la leo tunaweka kando kidogo habari za bima, kodi ya nyumba na barua za shule. Shule zinakaribia kufungwa, na familia kadhaa zimeniuliza habari za kwenda kupiga kambi msituni, hasa kwenye maporomoko ya Cumberland Falls, kusini mwa jimbo letu la Kentucky. Karibu kila aliyeuliza aliongeza swali la pili: “Nitapigaje picha ya maji itoke laini kama zile za kwenye kalenda? Sina kamera, nina simu tu.”

Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu jibu lake ni moja. Picha nzuri ya maporomoko haipatikani kwa kuyasogelea. Hupatikana kwa kusimama mahali salama, saa inayofaa, na kungoja. Anayeelewa hivyo hatapanda juu ya mwamba wenye utelezi kutafuta picha, wala mtoto wake hatamfuata huko.

Neno “kambi”

Tulipozungumza habari hii kwenye darasa la Jumamosi, mzee mmoja alinyoosha mkono akauliza: “Kambi? Mimi nimekaa kambini miaka kumi na minane. Sasa mnataka nilipe pesa nikalale tena kwenye hema, nikapike tena kwa kuni?” Watu walicheka mpaka machozi, naye akacheka, lakini swali lake halikuwa la mzaha.

Mimi nami nimekulia kambini, mkoani Kigoma. Huko hatukuruhusiwa kutoka nje bila kibali, na mama zetu waliingia msituni kutafuta kuni kwa hofu, wakiwa kundi, wakihesabiana wakati wa kurudi. Wengine wetu tunajua msitu kama mahali pa kujificha, na mto kama mahali tulipovuka usiku. Ukisikia moyo unaenda mbio kwa kuwaza tu kulala msituni, huna ugonjwa wa ajabu, na hakuna anayekulazimisha. Anzeni kwa safari ya kutwa: fikeni asubuhi, pigeni picha, leni chakula, rudini nyumbani kabla giza halijaingia. Mkiona vema, safari nyingine mtalala usiku mmoja. Kuna mama ninayemfahamu ambaye safari ya kwanza hakutoka kwenye eneo la kuegesha magari, na ya pili ndiye aliyekuwa mbele ya wote.

Tofauti na kambi zetu ni kwamba hapa mtu hupiga kambi kwa hiari. Unakodi kiwanja kidogo kwa usiku mmoja au miwili, chenye meza na mahali pa kuwasha moto, na choo na bomba la maji viko karibu. Ukichoka unafunga vitu vyako unaondoka. Kuni usizibebe kutoka nyumbani, zinunueni karibu na huko mnakokwenda, kwa sababu kuni za mbali husafirisha wadudu wanaoua miti. Chakula chote usiku kikae ndani ya gari lililofungwa, hata dawa ya meno, maana dubu weusi wapo katika msitu ule na pua zao ni kali. Baada ya saa nne usiku sauti zishushwe. Nyimbo zetu ni nzuri lakini jirani amelala.

Swali jingine ninaloulizwa ni la kibali cha picha. Wengi wetu tulijifunza zamani kwamba ukitoa kamera karibu na daraja au mtu mwenye sare, unatafuta matatizo. Hapa familia inayopiga picha zake katika hifadhi haihitaji kibali. Yule askari wa hifadhi mwenye kofia kazi yake ni kulinda mahali pale na watu waliomo. Mwulizeni njia, na mwulizeni pia mahali gani panatoa picha nzuri, wengi wao hufurahi kuonyesha. Hata hivyo, kila asiye raia mwenye miaka 18 na zaidi awe na kadi yake ya kijani au fomu ya I-94 mfukoni. Sheria inadai hivyo popote mlipo, msituni na mjini.

Mahali penyewe

Cumberland Falls iko karibu na mji wa Corbin, ule ambao Sanders, mzee wa kuku wa KFC, alianzia biashara yake. Kutoka Lexington ni safari ya saa moja na nusu hivi, wa Louisville waongeze saa nyingine au zaidi. Wanaotoka Bowling Green na Owensboro wakumbuke kwamba huko saa inakuwa mbele kwa saa moja, hivyo ukitaka kuwahi jua, ondoka mapema kuliko unavyodhani. Kuingia kwa kutwa hakulipiwi. Kinacholipiwa ni kulala.

Maji yanaanguka kutoka kimo cha futi 68, yaani kama mita 20, na upana wake ni futi 125, karibu mita 38. Mvua ikinyesha sana maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa na ngurumo yake husikika kabla hujayaona. Katika miaka ya 1920 kulikuwa na mpango wa kujenga bwawa la umeme hapo. Familia ya du Pont ikajitolea kununua ardhi na kulipa jimbo zawadi hiyo, na hifadhi ikafunguliwa mwaka 1931. Kama mpango ule wa bwawa ungepita, leo pasingekuwa na kitu cha kupiga picha.

Kutoka mahali pa kuegesha magari kuna njia fupi ya lami inayofika kwenye vibaraza vya kutazamia, vyenye vyuma vya kuzuia. Picha karibu zote za kalenda mnazozisifu zilipigwa kutoka vibaraza kama vile. Ng’ambo ya mto kuna maporomoko madogo ya Eagle Falls, futi 44, lakini njia yake ina ngazi na miinuko mikali, na mto ukijaa sehemu yake hufunikwa na maji. Hiyo si ya watoto wadogo.

Maji laini yanatoka wapi

Ndani ya kamera kuna kitu kinachofanya kazi kama kope za jicho. Ukibonyeza, kope hufumbuka, mwanga unaingia, kisha hufumba. Muda wa kufumbua ndio unaoamua maji yatakavyoonekana. Kope zikifumbuka kwa muda mfupi sana, tuseme sekunde moja iliyogawanywa mara 500, kila tone litaganda hewani kama kioo kilichovunjika. Zikikaa wazi kwa robo ya sekunde au sekunde nzima, maji yanakuwa yametembea wakati picha inapigwa, na hapo ndipo unapopata ule ulaini kama pamba au maziwa yanayomiminwa.

Kwa hiyo siri ya kalenda ni kope kukaa wazi muda mrefu. Kinachosumbua ni mambo mawili. La kwanza, mkono wa binadamu hautulii sekunde nzima. Ukitikisika, miti na mawe navyo vitavurugika, si maji peke yake. Stendi ndogo ya miguu mitatu inasaidia sana, lakini usikimbilie dukani: egemeza simu kwenye kile chuma cha kibaraza, au iweke juu ya mfuko wa mchele wa nusu kilo. Mchele unakaa kwa umbo la simu na hauteleziki, na jioni unapikwa. Kisha weka saa ya kuchelewesha, sekunde 3, ili kidole chako kisitikise simu wakati wa kubonyeza.

La pili ni jua. Kope zikikaa wazi muda mrefu saa sita mchana, mwanga unaingia mwingi kupita kiasi na maji yanatoka meupe matupu, bila umbo, kama shuka iliyoanikwa. Ndiyo maana nikasema jambo la saa. Fikeni kabla ya saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu, yaani simu ikionyesha 8:00, au jioni jua likishaondoka bondeni. Na siku ya mawingu, ambayo watu wengi huahirisha safari, ndiyo bora kuliko zote: mawingu yanatandaza mwanga sawasawa kama pazia jembamba dirishani, unaweza kupiga picha kutwa.

Sasa simu. Wenye iPhone, hakikisheni alama ya Live imewashwa, pigeni picha mkiwa mmetulia, kisha fungueni picha hiyo, bonyezeni neno Live lililo juu yake na mchague Long Exposure. Simu inaunganisha zile sekunde chache kuwa picha moja na maji yanalainika hapo hapo. Wenye Samsung nyingi, ingieni sehemu ya Pro, mtaona neno Speed: shusheni mpaka 1/4, na ISO iwe 50 au 100. Simu nyingine zina mpangilio wake; ulizeni watoto wenu, watalipata kabla hamjamaliza swali.

Ukiona bado maji ni meupe mno, gusa maji kwenye skrini, kisha vuta ile alama ya jua dogo kwenda chini mpaka uanze kuona mistari ndani ya maji. Msitu utaonekana giza kidogo. Hiyo haina tabu, giza unaweza kuliongezea mwanga baadaye. Pale palipoungua kuwa peupe hakuna cha kurudisha.

Kuna ujanja mmoja unaonipendeza. Chukua miwani ya jua ambayo ubavuni imeandikwa Polarized, weka kioo chake mbele ya lenzi ya simu, kisha kizungushe polepole. Utaona ule mng’ao juu ya mawe yaliyolowa na juu ya majani unatoweka, na rangi ya kijani inatoka iliyoshiba. Wapiga picha hununua kioo cha kazi hiyo kwa bei; miwani ya kawaida inafanya karibu kazi ile ile. Na kila dakika chache futa lenzi kwa kitambaa kikavu cha pamba. Mvuke wa maporomoko unafika mbali kuliko unavyofikiri, na picha nyingi zenye ukungu kosa lake ni lenzi iliyolowa tu.

Nyuso zetu mbele ya maji meupe

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu vitabu vingi vya kupiga picha havikuandikwa kwa kufikiria ngozi zetu.

Mnajua picha hiyo: familia imesimama mbele ya maporomoko, maji yanang’aa, na nyuso zote zimekuwa vivuli, yanaonekana meno tu. Watoto huwa wanaifuta kwa aibu. Ngozi haina kosa hapo. Kamera inajumlisha mwanga wote uliomo kwenye picha na kutafuta wastani. Nyuma kukiwa na ukuta wa maji meupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi ndio unaolipa gharama. Hata simu za kisasa zinazotambua nyuso hushindwa mara nyingi mahali kama pale. Jambo hili ni la zamani. Tangu miaka ya 1950 maabara za Kodak zilirekebisha rangi za picha kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley, na ngozi nyingine zote zikatoka jinsi zilivyotoka.

Fanya hivi. Usiwapange watu katikati ya maji. Wapange pembeni, nyuma yao kuwe na miti au mwamba, maporomoko yaonekane upande mmoja wa picha. Wageuze kidogo mpaka uone mwanga wa anga unaangukia mashavu yao. Ngozi nyeusi ina mng’ao wake yenyewe, na mwanga wa pembeni ndio unaouonyesha: paji la uso, shavu, mstari wa pua. Kisha gusa uso, siyo maji, kwenye skrini, na shikilia kidole hapo mpaka simu ikubali kwamba huo ndio mpango. Maji yakitoka meupe kidogo, acha yatoke. Katika picha ya familia anayetafutwa ni bibi.

Usitumie taa ya simu. Inafika mita chache tu, inang’arisha matone ya mvuke kama vumbi jeupe, na inafanya nyuso ziwe bapa.

Kuhusu mavazi, nasema kwa upendeleo wangu: vaeni vitenge. Dhidi ya kijani cha msitu na kijivu cha mwamba, kitenge chekundu au cha manjano kinashika jicho kutoka mbali. Hata picha ya mandhari tupu inapata uhai ukimweka mtu mmoja mdogo pembeni, kwenye njia au kwenye kibaraza, kwa sababu bila mtu jicho halijui kama maporomoko yale ni ya mita 20 au ni ya mfereji nyuma ya nyumba. Kama unapiga kwa kope za muda mrefu, mwambie asipumue kwa sauti, yaani atulie kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Msituni

Msitu ni mgumu kuliko maji. Jua likipenya kati ya majani linaacha madoa meupe na meusi kila mahali, na picha inachosha macho. Ngoja wingu lipite. Baada ya mvua ni bora zaidi: magome yanakuwa meusi, majani yanang’aa, na ukungu kati ya miti unaonyesha ipi iko karibu na ipi iko mbali. Usijaribu kuupiga msitu wote. Tafuta kitu kimoja, mti uliopinda, jabali lenye ukoko wa kijani, njia inayoingia ndani kisha kukata kona, na ushushe kamera kidogo ili anga jeupe lisionekane juu ya miti. Atakayeweza kurudi mwishoni mwa Oktoba atakuta majani mekundu na ya dhahabu, kitu ambacho misitu yetu ya nyumbani haina. Watoto wafundishwe kuangalia chini pia. Uyoga, konokono na jani moja lililoanguka kwenye maji ni picha zao, kwa kuwa wao ndio walio karibu na ardhi.

Mwenye simu hachungi watoto

Mniwie radhi nikizungumza kwa ukali kidogo hapa. Mtu anayetazama skrini haoni anapoweka mguu na hamwoni mtoto aliye pembeni yake. Kwa hiyo kabla simu haijatoka mfukoni, mtajwe mtu mzima mmoja, kwa jina, ambaye kazi yake ni watoto tu. Asiseme “sote tunawaangalia.” Wote wakiangalia, hakuna anayeangalia. Baada ya nusu saa mnabadilishana, naye anapata zamu ya kupiga picha.

Mwamba uliolowa kando ya mto una utando wa kijani usioonekana vizuri, na viatu vya mpira au ndara huteleza hapo kama kwenye sabuni. Maji ya juu ya maporomoko yanaonekana yametulia kama ziwa, na hayo ndiyo ya hatari kuliko yote: yanavuta chini chini, na mtu akivutwa hana pa kushika. Msiogelee hapo wala kuingiza miguu. Mto unaweza kupanda kwa mvua iliyonyesha mbali, huku juu yenu jua linawaka. Msiruke vyuma wala kuvuka alama, hata kama mmeona vijana wengine wamevuka na wanapiga picha huko. Katika Red River Gorge, msitu mwingine mzuri wa jimbo hili, watu wamekufa kwa kuanguka kutoka majabalini.

Picha ya kujipiga mwenyewe ukiwa umelipa bonde kisogo, huku unarudi nyuma hatua moja moja ili wote waenee, hiyo naomba tuifute kabisa. Mwombe mgeni aliye karibu awapigie. Maneno yake ni mafupi, “Could you take our picture, please?”, na sijawahi kuona mtu anakataa.

Mtandao wa simu huko ni hafifu. Pakueni ramani mkiwa bado nyumbani, na mwambieni ndugu mmoja mnakokwenda na saa ya kurudi. Simu inayotafuta mtandao muda wote inamaliza betri, basi iwekeni kwenye hali ya ndege mkiwa mnapiga picha tu. Namba ya dharura ni 911, na mnaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili kwa kusema neno “Swahili.” Lakini kabla ya neno hilo semeni mko wapi: “Cumberland Falls.”

Upinde wa mwezi

Kinachoifanya Cumberland Falls ijulikane mbali ni upinde wa mvua unaotokea usiku. Mwezi ukiwa mpevu, na siku mbili hivi kabla na baada, kama anga ni safi, mwanga wake unapita kwenye mvuke wa maji na kutengeneza upinde. Jambo hilo huonekana mahali pachache sana duniani; hata kwenye maporomoko ya Victoria, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, watu hulingojea hivyo hivyo. Hifadhi hutangaza tarehe za mwaka mzima kwenye tovuti yake.

Kwa macho mtaona tao jeupe jeupe, kama moshi uliojikunja. Msivunjike moyo. Gizani macho ya binadamu hayashiki rangi vizuri, kamera ndiyo inayozishika. Simu iwe imetulia kabisa juu ya stendi au mfuko wa mchele, katika hali ya usiku. Baadhi ya simu zikihisi utulivu huo huacha kope wazi hadi sekunde 30, na rangi nyekundu na ya samawati hutokea kwenye picha mbele ya macho yenu. Mwezi uwe mgongoni mwenu, kama vile jua linavyokuwa mgongoni mtu akitazama upinde wa mchana. Zimeni tochi mkifika, kwa sababu mwanga wa mmoja unaharibu picha za wote. Usiku huo watoto washikwe mkono, siyo kuangaliwa tu.

Zoezi la nyumbani

Kabla ya safari, fungua bomba la jikoni maji yatiririke membamba, weka ndoo chini ili uyatumie kupigia deki, kisha piga picha mbili: moja ya kawaida, moja ya kope za muda mrefu. Halafu mweke mtoto mmoja mbele ya dirisha lenye mwanga na umpige mara tatu: ukigusa dirisha, ukigusa uso, na baada ya kumgeuza ubavu. Dakika kumi zinatosha, na tofauti utaiona wewe mwenyewe.

Baada ya kurudi

Chagua picha chache, kumi zinatosha. Ukituma WhatsApp kwa njia ya kawaida picha inapunguzwa ukali. Ukitaka ifike kamili, itume kama dokumenti. Lakini ndugu walioko kambini hununua bando kwa shida, wao watumieni ndogo, mbili au tatu. Na mnajua wenyewe kwamba picha ya watu wanaocheka mbele ya maji inaweza kusomwa huko kama habari ya utajiri. Mwingine atafurahi, mwingine ataumia, mwingine ataomba ada ya shule. Pigeni simu kwanza, salimianeni, waambieni mlikwenda wapi na kwamba kuingia kulikuwa bure, kisha ndipo picha zifuate.

Zile bora zichapisheni kwenye karatasi. Walgreens, CVS na Walmart huchapisha siku hiyo hiyo, na picha ndogo haifiki dola moja. Nyuma yake andikeni kwa kalamu majina, mahali na tarehe. Mimi sina picha yangu hata moja ya kabla ya miaka kumi na mmoja. Zilibaki nyumbani tulipoondoka, na nyumba yenyewe haipo. Wengi wenu mko hivyo. Watoto wetu wanaweza kuanza na albamu.

Kwenye chumba cha kungojea cha ofisi yetu kuna kalenda tatu za milima ya watu wengine. Mkitaka, leteni picha zenu tuzibandike hapo. Kila mtu mzima anayeonekana kwenye picha awe amekubali, na kwa watoto mzazi atie sahihi kwenye karatasi ndogo iliyoko mapokezi.